Mama Wivine Kalumba Ashuka Usukanini

Tarehe 30 Aprili 2026, saa tisa alasiri, Mama Wivine Kalumba atarudisha kofia yake ngumu stoo, na miaka ishirini ya utumishi katika machimbo yetu ya shaba hapa Kolwezi itakuwa imetimia. Mkuu wa stoo ameshauliza kama kofia hiyo inaweza kupewa mtu mwingine. Haiwezekani. Ndani ya kofia mwenyewe ameandika jina lake mara tatu, na mara ya kwanza alikosea.

Aliajiriwa Aprili 2006 kama mpishi wa kantini. Wakongwe bado wanaikumbuka bukari yake, ugali wa kwetu, laini na isiyo na madonge hata siku tulipokuwa watu mia tatu kwenye foleni. Alizaliwa Kisenge, akaacha shule darasa la pili kazi ya baba yake ilipokwisha, na alipofika Kolwezi hakujua kusoma. Alijua kupika, na wengi wetu tuliona hiyo inatosha.

Yeye hakuona hivyo. Mwaka 2008 tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa kantini: walitafutwa watu wa kujifunza kuendesha bene, yale malori makubwa ya kubebea mawe ya shaba, ambayo gurudumu moja tu linampita mtu kimo. Mama Wivine alimwomba fundi mmoja amsomee. Fundi akasoma, akacheka.

“Mama, hii haiko yako. Banaomba mutu mwenye kujua kusoma Kifaransa.”

“Banaomba diplome?”

“Hapana. Kusoma tu.”

“Basi nitasoma,” akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Juma lile lile alikwenda kwa Mama Odile, mwalimu wa shule ya parokia pale Manika, akaomba masomo mara tatu kwa wiki baada ya kazi. Kwa karibu miaka miwili hakukosa ila alipofiwa na mama yake. Ili apate mazoezi, alianza kuandika chakula cha siku kwenye ubao wa kantini kwa mkono wake mwenyewe. Siku moja aliacha herufi moja katika neno la Kifaransa la samaki, poisson likawa poison, na ubao ukatutangazia sumu ya kukaanga. Foleni ilikuwa fupi sana siku hiyo. Aliposikia sababu alicheka hadi akakaa chini, kisha akalifuta, akaandika upya na kulirudia neno hilo mara kumi.

Mwaka 2010 alikubaliwa kwenye mafunzo, lakini kwa sharti moja: aache nafasi yake ya kantini, na isingemngoja. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Mume wake, Tata Gael Kabemba, fundi umeme na mtu mwenye tahadhari, hakulala vizuri wiki ile.

“Ukishindwa, utarudia wapi?” alimuuliza.

“Nikibakia kule kantini, njo nimeshindwa kabisa,” akamjibu.

Na kweli alishindwa. Siku ya mtihani, alipokuwa akirudisha bene nyuma, aliugonga ukuta wa matairi, kioo cha pembeni kikaanguka vipande vipande mbele ya watahini na mbele ya karibu zamu nzima. Kantini ilikuwa imeshapata mpishi mwingine. Nafasi pekee iliyobaki ilikuwa ya kuosha bene hizo hizo, na aliichukua. Waliomwona siku za kwanza wanasema hakuimba kama alivyozoea.

Lakini kuosha kulimfundisha kitu ambacho darasa halikumfundisha. Kila siku alilizunguka lori zima na mpira wa maji, akapima kwa hatua zake kutoka pua hadi mkia, mpaka akajua nyuma yake kuna nini kama anavyojua jiko lake. Mei 2011 aliomba mtihani tena. Alirudisha bene nyuma taratibu, akaisimamisha hatua moja kutoka kwenye matairi. Tata Gael, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini kwake ili aje kutazama, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Kwa miaka minane ya kwanza Mama Wivine aliendesha akiwa amekalia mto alioushona mwenyewe ili aone vizuri, na katika miaka hiyo hakugonga kitu. Mwaka 2019 wakubwa walitaka kumfanya mkuu wa zamu. Alishukuru, akaomba siku chache za kufikiri.

Katika siku hizo, mfagiaji wa ofisi alimfuata na barua kutoka hospitali, kuhusu mtoto wake, akamwomba amsomee. Mfagiaji huyo ni mimi, Micheline Kanku.

“Leo nitakusomea,” aliniambia. “Barua ya kesho utasoma weye mwenyewe.”

Barua ilisema mtoto wangu amepona na asirudi tena kupigwa sindano. Nililia. Yeye alinipa leso, kisha akaniuliza niko huru siku gani. Kesho yake alikataa ukubwa wa zamu, akaomba badala yake abaki na bene yake na apewe chumba kimoja, ubao, na alasiri mbili kwa wiki. Wapo waliosema amechezea bahati. Aliwaambia kuendesha bene kulimpa furaha, lakini kumfungulia mtu barua yake kulimpa sababu ya kuamka.

Tangu hapo, watu thelathini na wanne wamepita katika chumba hicho: wapishi, walinzi, wafagiaji, hata mchimbaji kijana aliyeacha mashimo ya kujichimbia na sasa ni fundi wetu wa pampu. Ni mwalimu mkali. Anayechelewa anafuta ubao mwezi mzima.

Sasa yeye na Tata Gael wanahamia Dilolo, karibu na binti yao Jémima. Mama Wivine, asante kwa bukari, asante kwa vicheko, asante kwa subira uliyokuwa nayo kwetu. Uende na afya, upate mchana mrefu wa kupumzika, na wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Kwa miaka saba hakuna karatasi niliyoiandika bila wewe kuipitia na kalamu yako nyekundu. Hii nimekuficha. Makosa yote ni yangu, na utayasikia yakisomwa mbele ya watu siku ya kukuaga.