Saini za Uongo Katika Daftari la Mzee Saini

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Saini, alizaliwa tarehe 9 Mei 1955 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, mtoto wa nne wa fundi viatu. Alisoma hadi darasa la saba, akajifunza useremala.

Mwaka 1984 alichaguliwa diwani. Hapo ndipo lilipoanza daftari lake la kero. Bomba limepasuka, anaandika. Likitengenezwa, anamfuata mlalamikaji mwenyewe atie saini. Siku ya harusi yake, tarehe 16 Agosti 1986, alichelewa nusu saa, akaingia na daftari kwapani. "Nilikuwa namalizia saini ya mtaa wa juu," akasema. Bibi harusi, mama yetu, alinuna mpaka wakati wa picha.

Mwaka 2010 akawa mbunge. Vikao vikamzidi, daftari akamwachia binti yake mkubwa, katibu wake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Hapa anaomba mumvumilie. Kero zilirundikana, uchaguzi wa 2015 ukabisha hodi, naye akawatilia watu saini yeye mwenyewe, kwa kalamu za rangi tatu. Marehemu alitangaza jukwaani idadi ya saini, akapigiwa makofi, akashinda tena.

Baada ya kustaafu alianza kuugua kifua. Tarehe 3 Juni 2021 alilazwa katika zahanati yetu. Mvua ikanyesha, paa likamvujia kitandani.

"Paa hili si lilisainiwa?" akamuuliza muuguzi mkuu.

"Niliyelalamika ni mimi, Mheshimiwa. Sijasaini kitu."

Marehemu akamgeukia binti yake. Hakufoka. "Mwanangu, umeniaibisha. Na mimi pia nimejiaibisha, niliacha kupita kuona."

Binti aliona haya, na hata sasa anashindwa kuwatazama usoni. Alitaka kuificha aya hii, ila marehemu, walipozungumzia wasifu huu akiwa bado kitandani, alimwambia, "Ukiiruka hiyo, usinisomee kabisa." Alifariki tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na kero arobaini na moja zenye saini za uongo. Daftari liko mezani, kando ya maua, na kalamu ipo. Kabla hatujamshusha, kila aliyesainiwa bila kujua aje aikate saini hiyo. Muuguzi mkuu amekwisha kuikata yake.

Baba alale kwa amani. Kero ya paa, binti yake ameiandika upya, ukurasa wa kwanza.