Bawaba Zikae Ndani

Sikilizeni wanangu, nawe François mdogo wangu, sogea, usisimame hapo kama mgeni. Maiti haulizwi sanda, kwa hiyo nasema leo, ulimi ungali unanitii, na ninachosema ni juu ya milango miwili ya nyumba hii, wa mbele na wa jikoni, ambayo mmeinung'unikia wiki nzima mkidhani homa imenipanda kichwani.

Mnajua kazi yangu. Miaka thelathini na moja nimekuwa fundi wa milango pale Panda, na nusu ya milango ya mtaa huu imepita mikononi mwangu. Magloire, kifungua mimba wangu, umeniletea kutoka Lubumbashi mikono ya mlango inayong'aa kama sufuria mpya. Nakushukuru, lakini nimeipima kwa kiganja na ni bati lililopakwa rangi. Mvua za mwaka mmoja tu, itameguka. Nimechagua ile ya chuma kizito, myeusi, mibaya kwa sura. Nimechagua kitasa kinachozama ndani ya mbao, na makomeo mawili, la juu na la chini, yanayofungwa kwa ndani tu. Tena nimemwamuru fundi aigeuze milango yote miwili ifungukie ndani. Najua, kiti kikubwa cha sebuleni hakina pa kukaa tena. Kitoeni. Bawaba nazitaka ndani, na leo nitawaambia sababu, ambayo hata mama yenu sikuwahi kumwambia yote.

Kaka yangu Étienne alipofariki, yapata miaka ishirini sasa, tulimzika Jumamosi, na Jumatatu sisi watu wa ukoo tukaenda Kamatanda kuichukua nyumba yake, kwa maana wazee walisema nyumba ya mwanaume hurudi kwa ndugu zake na mjane hurudi kwao. Mkewe, Tina, akajifungia ndani na watoto watatu. Wazee waliugonga mlango mpaka mikono ikavimba, halafu wakanigeukia mimi: wewe si fundi? Ule mlango niliuweka mimi mwenyewe. Ulifungukia nje kwa sababu chumba kilikuwa kidogo, na bawaba zake zilikuwa nje. Kitasa sikukigusa. Nilichukua nyundo na msumari, nikazing'oa pini tatu zinazoshika bawaba, nikaubeba mlango mzima na kuuegemeza ukutani taratibu nisiukwaruze, maana niliipenda kazi yangu. Tina alikuwa amekaa sakafuni akiwaziba watoto masikio. Alichukua godoro moja akatoka.

Mwaka jana nilimfuata Kambove, anakouza maharage, nikapiga magoti mbele ya wateja wake. Alinipa maji ya kunywa, akaniambia: "Shemeki, ile siku ulifungula mulango muzuri sana, hata mbao haikupasuka." Basi. Hakusema amenisamehe, nami nikaona haya kuomba mara ya pili. Majuto ni mjukuu, wanangu, na huyu wangu amekwisha ota meno.

Sasa wewe, François. Juzi ulimwuliza shemeji yako karatasi za nyumba ziko wapi, mimi nimelala chumba cha pili, macho yamefumba, masikio hayakufumba. Kikulacho ki nguoni mwako. Nakujibu mbele ya wanangu: karatasi ya kiwanja ina jina la mama yao, na nakala iko parokiani. Nyumba ni yake maisha yake yote, kisha ni ya watoto, wa kike na wa kiume sawasawa. Funguo ni tatu na zote tatu ni zake. Hata wewe Magloire usichongeshe wa nne. Ukitaka kuingia, bisha hodi ungoje. Kwenye kilio changu milango ikae wazi ilivyo desturi, watu waingie, walie, wale. Lakini matanga yakiisha mama yenu atafunga, na atakayekuja na nyundo hatakuta pini ya kung'oa, kwa sababu nimetafuta kila njia ambayo mimi mwenyewe ningeipitia, nikaiziba.

Nyuma ya nyumba kuna mbao nyingine, nimekwisha kuziranda. Ni za Tina. Mpelekeeni, mkamwekee mlango kama huu, bawaba ndani. Akikataa, rudini nazo kimya, msimshurutishe, wala msimwambie nililia.

Jenny, binti yangu, niongezee maji... Asante. Kifua kinabana. Nawabariki. Mungu awape mikono isiyovunja nyumba ya mtu, awatunze mkitoka na mkiingia... msigombane juu ya kaburi langu, mimi nilishagombana vya kutosha kwa niaba yenu.

Sasa tokeni. Nyote. Na wewe, François... Magloire, mshike baba yako mdogo mkono, mtoke pamoja.

Berthe, wewe baki. Nenda mlangoni. Funga komeo la juu... na la chini... Nimesikia. Njoo ukae hapa. Wakija na nyundo, mke wangu, usifungue... hata wakikwambia ni mimi niliyewatuma.