Mtaro Unaishia Wapi

Benchi lile liko kati ya kibanda cha kinyozi na mtaro. Asubuhi hiyo mada ilikuwa moja: mwalimu wa darasa la nne amechoka kufundisha mazingira ubaoni, kesho analeta watoto mtaroni waone vyanzo vya uchafu kwa macho yao. Habari aliileta Babu Chungu, muuza kahawa, aliyeipata kwa mjukuu wake. Alikuwa akimimina huku roho juu, maana mashapo ya kahawa yake yote huyamwaga humo humo mtaroni, na mjukuu mwenyewe ndiye atakayesimama mstari wa mbele.

— Mazingira ni neno la polisi, akasema Soli, fundi viatu. Ushasikia mtu kakutwa kwenye mazingira mazuri? Ni ya kutatanisha tu.

— Kwa hiyo wanakuja kupeleleza? akauliza Chungu.

— Wameshaanza. Mwanangu siku hizi hesabu zake ni za chupa tupu. Kaulizwa, chupa kumi zikitupwa, nne zikaokotwa, zimebaki ngapi? Kajibu, inategemea nani anazinunua. Kapewa tiki. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kinyozi, aitwaye Hakimu kwa sababu hukumu zote hutoka kwake, alieleza kwamba benchi litageuzwa dawati na wanywaji watashonewa sare.

— Samaki mkunje angali mbichi, akamalizia. Wanaanza na watoto, sisi tutajikunja wenyewe.

Soli akasema methali hiyo ni ya malezi. Hakimu akasema samaki naye ni mazingira.

Chungu hakucheka. Aliona aibu, na aibu ya kuonwa na mjukuu haina pa kujificha.

Mara mwalimu akatokea, peke yake, viatu vumbi tupu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwalimu, akasema Chungu bila kungoja aulizwe. Mashapo ni yangu. Nakuomba usinitaje mbele ya mtoto.

— Sijaja kumtaja mtu, babu. Watoto wameniuliza swali likanishinda, nikasema wazee wa kijiweni hawakosi kulijua. Maji ya mtaro huu yanaishia wapi?

Shingo zote ziligeuka kuufuata mtaro.

— Unapinda pale nyuma ya mashine ya kusaga, akasema Chungu.

— Na ukishapinda?

Soli akainamia kiatu. Hakimu akatangaza kuwa kahawa imekwisha, watu watawanyike. Birika lilikuwa mkononi mwa Chungu, limejaa.