Kochi Jekundu na Mtaro Ulioishia Njiani

Mgeni rasmi unayemwakilisha mfadhili wa mtaro, dada Mratibu wa shirika pamoja na vijana wako wenye vizibao, Mjumbe wetu, majirani wa barabara ya juu mliokaa kivulini, na wenzetu wa uchochoro wa chini mliosimama juani: amani iwe kwenu nyote.

KARIBU

Mgeni rasmi, tunakupa pole ya safari, na pole ya pili ya kusubiri. Risala hii ilitakiwa iwe fupi. Mjumbe wetu alituambia, "Semeni asante, ombeni dua, kaeni chini." Yote matatu tutayafanya, ila kati ya asante na dua kuna maneno yamebanwa, na yakizidi kubanwa yatatutokea puani.

Sisi ni majirani wa uchochoro unaoanzia nyuma ya duka la dawa na kuteremka hadi mtoni. Tuna mafundi, wachuuzi, wafua nguo, na wengine ambao kazi yao ni kutafuta kazi. Uchochoro wetu ni mwembamba kiasi kwamba wanene wawili wakikutana, mmoja hurudi kwake akangoje zamu. Gari haliingii. Pikipiki huingia, lakini kutoka ni kudura ya Mungu.

TULIKOTOKA

Mwaka jana mto ulihama kwake ukaja kukaa kwetu. Ulikuja mchana, wakati wa kuanua nguo. Ulichukua milango, masufuria, magodoro, na cherehani ya Mama Sindano.

Mama Sindano ndiye mshonaji wetu. Sare za shule za watoto wa juu na wa chini, wote hupita mikononi mwake. Ni mjane. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa makochi, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kochi jekundu la watu watatu, lenye vifungo mgongoni. Mteja aliyeliagiza hakuonekana tena. Kochi likabaki kwa Mama Sindano, na kwa kuwa uchochoro mzima hauna lingine, likawa la wote. Posa ikija, kochi linakwenda. Msiba ukitokea, kochi linakwenda. Mwalimu akija kushtaki mtoto, kochi linatangulia kumpokea ili hasira zimpungue.

Siku ile ya maji wanaume wanne walilikimbilia wakalipandisha juu ya paa la duka la dawa. Mama Sindano, maji kiunoni, aliwapigia kelele: "Cherehani! Jamani, cherehani yangu!"

Wakamjibu kutoka juu, "Tulia mama, kochi limepona!"

Alipogeuka, cherehani ilikuwa imeshaondoka, tena haikuondoka peke yake. Ilifuatana na ukuta wa nyuma wa nyumba yake.

Mgeni rasmi, kochi lenyewe ndilo hilo ulilokalia. Tafadhali usinyanyuke. Mama Sindano amelipiga brashi tangu jana, na akisikia mgeni amesimama atatuuliza tulikukosea nini.

MAFANIKIO

Kwanza, tulipata ndoo. Mfadhili wa kwanza alileta ndoo za bluu. Wa pili alileta za kijani. Wa tatu alileta za njano, zenye mfuniko. Kila mmoja alipiga picha na sisi tumeshika ndoo zake, na tukajifunza kuficha za mwenzake kabla ya picha, maana hata ndoo zina wivu. Mabomba yalikuwa makavu. Hatulalamiki, kwani ndoo ikipinduliwa ni kigoda, na kigoda nacho ni msaada. Ila laiti wangekutana njiani wakaulizana, "Mwenzangu, wewe umebeba nini?" mmoja angebeba ndoo na mwingine angebeba maji.

Pili, shirika la dada Mratibu limefanya kazi ya kuonekana. Barabara ya juu wamepata mabati, vyoo, vifaa vya kazi, na huu mtaro wa zege unaouzindua leo. Ni mtaro mzuri. Tumeupapasa. Hatuna kinyongo na wenzetu wa juu. Siku ya maji walitupokea, wakatulaza na kutulisha, na haki yao wameipata.

Mmoja wao, mpiga picha wa harusi, alipewa cherehani, ingawa hajui kushona hata kifungo. Akaiwekea redio juu yake. Siku moja aliibeba cherehani kichwani mpaka kwa Mama Sindano. "Mama, hii ni yako, ilipotea njia tu." Hata hajapumzika akafuatwa na vijana wa shirika, akaambiwa kwamba kifaa chenye nembo ya mfadhili hakihamishwi. Akaibeba tena, shingo imemlegea.

"Mama, nisamehe."

"Sina neno, mwanangu. Lakini usiizoeshe redio, itasahau kushona."

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, Mjumbe ameanza kukohoa. Tunakifahamu kikohozi chake, hakina homa. Tunaendelea.

Dada Mratibu alitutangazia kwamba vijana watapita kila nyumba kutazama hali zetu, ili wajue nani asaidiwe kwanza. Kuna watu ambao wakiambiwa hivyo huonyesha hali. Sisi tulilelewa vingine. Mgeni akija unafagia, unavaa nguo ya sikukuu, na shida unaisukuma uvunguni mpaka aondoke; akishaondoka unaivuta mnaendelea nayo. Ndiyo maana Mama Sindano, asubuhi ile, aliwaita wanaume walewale wanne. "Watoto wa watu wanatoka mbali," akasema, "mnataka wakalie ndoo? Chukueni kochi."

Likaanza nyumba ya kwanza. Walikuja wawili, kijana wa kuuliza na binti wa kuandika. Wakimaliza, mwenye nyumba anawasindikiza mlangoni taratibu, anawauliza habari za wazazi, habari za masomo, habari za mashangazi. Na huku nyuma kochi linatoka mbio, linapita chini ya kamba za nguo, linaingia nyumba inayofuata, linafutwa vumbi. Hodi inapigwa. "Karibuni, karibuni, kaeni."

Nyumba ya tatu, binti alipapasa kitambaa. "Mbona kochi lina joto?"

"Ni jua, mwanangu," akajibu mwenye nyumba. Nyumba ile haina dirisha.

Kwa mpiga pasi mambo yalitaka kuharibika. Mlango wake wa nyuma ni mdogo, kochi likakwama, nusu ndani, nusu nje. Likavutiwa pazia juu yake. Binti akakalishwa nusu ya ndani. Nusu ya nje ikabebwa na fundi bomba, mgongo umepinda kama alama ya kuuliza, jasho linamchirizika hadi kwenye soksi. Katikati ya maswali akapiga chafya.

"Nani huyo?" binti akashtuka.

"Jirani," akasema mpiga pasi.

"Mbona yuko karibu hivyo?"

"Sisi huku tunaishi kwa ukaribu."

Wakamalizia kwa Mama Sindano. Kochi lilikuwa limerudi kwake, limechoka kuliko waliolibeba. Binti akakaa, akatabasamu. "Mama, watu wa huku mnapenda sana rangi nyekundu."

"Ndiyo, mwanangu. Tuna umoja."

Kisha binti akaelekeza kalamu kwenye pazia kubwa la maua. "Na huku nyuma kuna nini?"

Huku nyuma, mgeni rasmi, kulikuwa na turubai. Turubai, na nyuma ya turubai, mto. Mama Sindano alikuwa ameshika birika. Alitaka kusema. Neno lilitoka tumboni, likapanda kifuani, likafika kwenye meno. Akamtazama yule binti: viatu vimejaa tope, midomo imekauka, kikombe cha chai amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyetoka bila kula. Akaona si vizuri kumtwisha mtoto wa mwenzie mzigo akiwa bado hajamaliza chai.

"Huko ni nyuma tu," akasema. "Ongeza sukari."

Mkutano ukaitishwa. Dada Mratibu akasimama mbele yetu kwa furaha. "Uchochoro wa chini, tunawapongeza! Kila kaya ina samani nzuri, tena za kisasa. Mmejikwamua wenyewe."

Tukapiga makofi. Tulipiga kwa moyo wote, wengine tukapiga na vigelegele, maana hatujazoea kusifiwa hadharani. Mama Sindano ndiye aliyeacha wa kwanza. Akamwinamia fundi bomba. "Hebu nieleze, baba. Tumepongezwa au tumefutwa?"

Tulikuwa tumefutwa kwenye orodha ya misaada. Mtaro uliokuwa ufike mtoni ukakatishwa mwisho wa barabara ya juu, kwa kuwa huko chini watu wamejikwamua. Lakini mtaro, mgeni rasmi, kazi yake ni kukusanya. Unakusanya maji ya barabara nzima, ya kila paa jipya, na yakifika mwisho wa zege hayaulizi mpango unasemaje, yanateremka. Na pale zege linapoishia, maji hushika njia ya nyuma ya nyumba zetu, na kinachofuata ni turubai la Mama Sindano. Juzi kulinyunyiza kidogo tu, mvua ya kutuliza vumbi. Ilimletea ndani kandambili kadhaa, zote za mguu wa kushoto. Hayo ni manyunyu. Masika ikishuka haitaleta kandambili, itakuja kumchukua mwenyewe.

Tulikwenda ofisini kwa dada Mratibu tukamweleza habari ya kochi. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akajifuta macho. "Nawaamini, ndugu zangu," akasema. "Lakini picha na taarifa vimeshakwenda kwa mfadhili. Bila neno lake mimi siwezi kusogeza hata tofali."

Tukapiga simu kwa mfadhili. Tukajibiwa kwa upole sana: "Sisi tunafuata ushauri wa shirika." Tukarudi kwa shirika. Shirika linangoja neno. Mfadhili anangoja ushauri. Wahenga walituambia fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Walisahau kutuambia kwamba hata fahali wakipishana kwa heshima, "tangulia wewe," "hapana, tangulia wewe," nyasi zinakanyagwa vilevile.

MAOMBI

Leo Mungu amefanya lake. Mwenye neno na mwenye ushauri mmekaa kochi moja, bega kwa bega, na katikati yenu hakuna simu wala barua pepe, ni mto wa kuegemea tu. Tunaomba mgeukiane. Hatutasikiliza, tutatazama pembeni.

Ombi letu ni moja: mtaro ufike mtoni kabla ya masika. Kuchimba tutachimba wenyewe. Fundi bomba anasema mgongo wake umeshanyooka. Tunachoomba ni zege, na ruhusa ya kulimwaga.

Na kama kuna nafasi ya neno la pembeni, ni hili. Siku nyingine mkitaka kujua hali zetu, msimuulize mtu habari zake. Kila mtu ni mzima. Mama Sindano ukimuuliza leo atakuambia hajambo, na atakutengea chai. Mtuulize sisi habari za Mama Sindano. Mumuulize yeye habari za mpiga pasi, na mpiga pasi habari za fundi bomba. Hapo kalamu itaisha wino. Shida ya nyumbani kwako ni aibu kuitaja, lakini ya jirani tunaijua hadi rangi yake, na kuitaja si umbea, ni ujirani. Risala hii yote tumeiandika hivyo. Yeye mwenyewe hakutoa hata neno.

Mgeni rasmi, ratiba inasema utepe ukatwe hapa juu, mtaro unapoanzia, halafu chai. Tunakuomba utepe ufunguliwe, uteremke nasi kwa miguu, ukaukatie mtaro unapoishia. Si mbali, ila viatu hivyo vizuri tunavionea huruma.

Mama Sindano hayupo hapa. Yuko kwake, mlango wazi. Tumemwomba leo asifagie, na asubuhi ilibidi tumnyang'anye ufagio. Alitutukana matusi ambayo hayafai kwenye risala. Pazia la maua tumelishusha. Kochi unalo wewe. Tumemwomba jambo moja tu, kwamba ukifika akuambie ukweli: "Karibu, mgeni, lakini hakuna pa kukaa."

Tangu azaliwe hajapata kumwambia mgeni maneno hayo. Amekuwa akiyafanyia mazoezi tangu juzi, sisi tukiwa wageni. Tunapiga hodi, anafungua, anatutazama, anasema "Karibu," na hapohapo anaanza kutafuta ndoo ya kutukalisha.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, akisema karibu tu akanyamaza, usidhani amemaliza. Msubiri. Na akishindwa kabisa, tazama nyuma yake.

Mungu akulinde wewe na waliokutuma, awape mkono wa kutoa na mguu wa kufika. Awape dada Mratibu na vijana wake nguvu, na yule binti wa chai apate kula kabla ya kazi. Awajalie majirani wa juu wakae pakavu, nasi pia. Na safari yako ya kurudi iwe ya heri, baada ya kuteremka.

Ni sisi,
Majirani wa Uchochoro wa Chini, toka duka la dawa hadi mtoni.