Karatasi ya Avenue Yetu

Benchi yetu iko mtaa wa Muhumba, kando ya kibanda cha kahawa cha Maman Rosalie. Mimi wananiita Droit, yaani Mnyoofu, kwa sababu sizunguki maneno. Shule sikuimaliza, lakini nasoma kila kitabu ambacho wenye diploma wanatupa. Asubuhi ile nilikuwa nawaeleza wenzangu wawili kitabu kimoja juu ya Amerika, na hasira ilishanipanda.

— Ile ubaguzi haikukuwa ya serikali peke! Benye manyumba balifanya chama yao. Balisaini karatasi: mu avenue yetu, Mweusi hauziwe nyumba, hapangishwe.

— Na bakomisioneri? akauliza Philémon, yeye mwenyewe komisioneri, dalali wa nyumba.

— Bale njo babaya! Chama yao ilikuwa na sheria: ukiingiza Mweusi mu quartier ya Bazungu, banakufukuza mu chama.

— Kufukuza komisioneri! Sasa njo naelewa ubaya yenyewe.

— Bale Bazungu balikuwa banaogopa nini? akauliza Firmin, mpole wetu.

— Kivuli, akasema Philémon. Kivuli ya Mweusi ikigusa uzio, chama inafanya mukutano. Ikigusa mbwa, banaita na padri.

Tukacheka, Firmin hakucheka. Akatoa karatasi mfukoni.

— Droit, unieleze hii. Comité ya avenue inataka nisaini leo: “Hatutapangisha watu wa Bunyakiri.” Nyumba yangu iko wazi tangu Pasaka. Nikikataa, banafunga njia ya kufika kwangu.

— Saini tu, nikasema. Kule Amerika ilikuwa ubaguzi. Huku ni règlement, kanuni ya avenue.

— Tofauti iko wapi?

— Règlement iko na tampon, muhuri ya comité.

— Na jina ya kwanza hapa chini, Droit, ni yako.

Philémon akakohoa kahawa yote. Nilikuwa nataka kumfokea Firmin, lakini mwanamke mwenye chaki kwenye vidole akasimama mbele yetu.

— Jambo, bapapa. Naitwa Bibiane, niko mwalimu, natoka Bunyakiri. Baliniambia Papa Firmin iko na nyumba. Ingali wazi?

Firmin akaniwekea karatasi magotini na kalamu ya biki mkononi.

— Ufute jina yako, ama umujibu weye.

Nikamnyooshea Maman Rosalie kikombe. Hakumimina.

— Mwalimu anangoja, Papa, akasema.