Siku Sabuni Yangu Iliitwa Sumu

Wamama wenzangu wa sabuni, muniombee sauti isikatike. Mi kusimama mbele ya watu naogopa kuliko kupita bariyeri ya askari. Mukitaka kucheka, chekeni sasa, kwa sababu huko mbele hamutacheka sana.

Munakumbuka wakati wa ambargo. Mipaka imefungwa, sabuni za kiwanda zimepotea madukani, hata wakubwa wa biro, wale wa maofisini, wanaoga maji matupu kama sisi. Mi nilikuwa nimekimbia mtaa wa Carama, risasi zilikuwa zinaingia mpaka jikoni. Niko na watoto, na bwana yangu alitoka hakurudi. Dada yangu alitupa chumba hapa Jabe. Nikajiambia: watu watakosa nyama, watakosa sukari, lakini hakuna mutu anapenda kunuka. Nitatengeneza sabuni.

Jirani ya dada kulikuwa mama moja wa Uvira, alijulikana soko nzima kwa sabuni yake ya mawese. Simutaji jina. Yuko humu ndani, atanifinya. Nikaenda kwake.

"Mama, nifundishe kazi. Nitakuchotea maji, nitakufulia."

Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Apana, dada. Mafuta yenyewe siku hizi ni ya kugombania. Kila mutu atafute yake."

Ndugu zangu, nawaambia, niliumia. Halafu nikakasirika, na mi nikikasirika ndipo akili inafanya kazi. Uzio wake ulikuwa wa mabati yenye matundu. Nikachungulia. Nikaona anavyokoroga mafuta na maji ya soda, ile soda kali ya sabuni, anavyomwaga kwenye makasha, anavyokata vipande. Nikauza kitenge changu cha harusi, nikanunua vitu, nikatengeneza yangu. Ikaganda, rangi ya ndizi iliyoiva. Kesho yake nikaipeleka sokoni, karibu yote ikaisha. Nilirudi nyumbani naimba.

Asubuhi iliyofuata, sijamaliza kutandika gunia langu, mama moja akaja mbio, mutoto mugongoni analia. Akamufungua mbele yangu. Tumbo lote jekundu, mapaja yamechubuka.

"Umetia nini ndani? Umetia nini?"

Mwingine akaonyesha mikono yake, imebabuka. Watu wakajaa. Ndipo mwanaume moja akauliza swali lililokuwa linaua watu mwaka ule: "Ye anatoka wapi?"

Mutu akajibu, "Carama."

Basi. Neno sumu likatoka, sijui kwa mudomo wa nani, likazunguka soko. Wale wanaopigana huko wamemutuma. Wanataka kutumaliza na sabuni. Munanielewa, wamama, wakati ule kartiye yako tu, mtaa unakotoka, ilitosha kukuhukumu. Niliona mawe yanaokotwa. Nikasema ni mafuta na soda tu, hakuna aliyesikia. Niliwaza watoto, dada yangu atawalisha nini? Yule mwanaume akanisukumia kipande usoni.

"Kama si sumu, kula."

Na niseme ukweli, mi mwenyewe sikuwa najua tena kama si sumu. Mutoto alikuwa ameungua.

Mukono ukakinyakua kile kipande. Ni ule mama wa Uvira. Angeweza kubaki kwenye meza yake, anyamaze, auze zake. "Muniangalie!" akapiga kelele. Akakilamba, kwa ulimi wote. Uso ukamukunjana, akatema chini, machozi yanamutoka.

"Inachoma. Sabuni ikichoma ulimi bado ni mbichi. Ingekuwa sumu, mi ningelamba? Ilitakiwa ilale kwenye mbao wiki na wiki, ukali utoke. Huyu hakujua. Alikuja kuniuliza, nikamufukuza." Akageukia mwenye mutoto: "Mama, mwogeshe na maji mengi, safi, halafu umupeleke dispansari. Na nyinyi wote mulionunua, rudisheni, nitawapa yangu."

Musifikiri waliangusha mawe yao palepale. Yule mwanaume alibaki amesimama, na mama amesimama, mudomo umeanza kuvimba. Wakaangaliana. Mpaka mwenye mutoto akasema, "Nipe basi hiyo yako." Hapo nikajikojolea, mi mutu muzima. Sasa munaweza kucheka.

Siku ile akaniingiza chumba chake cha nyuma. Mbao mpaka juu, sabuni zimelala zinakauka. Nikamushukuru mpaka akachoka.

"Usinishukuru sana," akasema, ulimi bado muzito. "Wangekupiga wewe leo, kesho wangekuja kwangu. Mutu akishaogopa sabuni ya mama moja, anaogopa ya wamama wote."

Mutoto alipona, Mungu asifiwe. Ule mama alinipa sabuni zake niuze mpaka zangu zikauke. Namushukuru. Namushukuru dada yangu, na namushukuru mwenye mutoto, aliyeamua kusikiliza wakati yeye ndiye alikuwa na haki ya kurusha jiwe la kwanza.

Vita bado viko, pesa haizunguki, na kila wiki anakuja mama mupya anataka kuuza sabuni. Nasikia munanung'unika kwamba wateja hawatoshi. Kweli, hawatoshi. Lakini ataanza tu, watoto wake wanataka kula. Mumufundishe, asije akaunguza watu akatuunguza na sisi.

We mama wa kitambaa cha bluu, hapo karibu na mulango. Juzi uliniuliza soda inatiwa kiasi gani, nikajifanya sikusikia. Nilisikia. Kesho njoo asubuhi, uvae nguo ya zamani, soda inatoboa.