Nilikomwacha Wifi Yangu

Zimeni hiyo redio, kisha mje mkae karibu, wote, hata wewe binti wa wifi yangu, ambaye najua umekuja kwa sababu mwanangu mkubwa amekufuata mpaka kazini kwako na kukubembeleza mbele ya wenzako. Nashukuru umekuja. Sauti yangu haifiki mbali tena, na haya ninayotaka kusema sitayasema mara mbili, maana hata hiyo moja sijui kama nitaimaliza, kwa hiyo msinikatize, na mwenye kulia asubiri ninyamaze kwanza.

Najua mmemwita fundi mwashi. Nilimsikia uani akipima kwa kamba na kuuliza ukuta upite wapi, upande upi wa mwanangu na upande upi wa binti wa shangazi yake, nanyi mkijibizana kwa sauti za chini mkidhani mgonjwa hana masikio. Sikilizeni basi, wanangu, jinsi nyumba hii ilivyokosa kugawanywa mara ya kwanza, ndipo muamue kama mtaigawa mara ya pili.

Baba yenu aliiacha kwa wanawake wawili, mimi mkewe na dada yake mkubwa. Nyinyi mlimwita shangazi. Mtaa mzima ulimwita Mkasi, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani, na kwa kuwa ulimi wake ulikata vizuri kuliko vifaa vyake. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea baba yenu, akashona sare za shule na mapazia ya watu mpaka mdogo wake akapata leseni ya udereva. Halafu nikaja mimi, msichana mwembamba ambaye hata chai yake ilikuwa haieleweki, nikamchukua. Siku ya harusi Mkasi ndiye aliyenifunga vifungo vya mgongoni, vya gauni alilonishonea mwenyewe, zuri kuliko lolote nililowahi kuvaa, na alipofika kifungo cha mwisho akaninong'oneza, "Gauni hili nimemshonea mdogo wangu. Wewe sikujui." Tukaishi hivyo mpaka mvi zikatuota, yeye vyumba vya nyuma na cherehani yake, mimi vya mbele na watoto, tukipishana jikoni bila kugusana.

Baba yenu alikuwa dereva wa lori la watalii, lile refu lenye madirisha ya turubai, akilipeleka kutoka ncha moja ya bara hili hadi nyingine, na akirudi tulikaa naye, mmoja kulia, mmoja kushoto, naye akasimulia. Alisimulia maporomoko ambayo moshi wake unauona kabla hujasikia ngurumo yake. Alisimulia kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, ambazo zimesimama miaka mingi kuliko ukoo wa mtu yeyote unavyoweza kukumbuka. Alisimulia jangwa, miji ya udongo mtupu, na mwisho kabisa, mahali ambapo nchi kavu inakwisha na dereva hana tena pa kuendesha. "Mwongo huyo," Mkasi alikuwa akisema, lakini hakuwahi kuinuka kabla simulizi halijaisha.

Alipofariki, ndugu walikaa na sisi wakatushauri tugawane nyumba, kila mtu ajue chake. Tukakubali wote wawili haraka haraka. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilowahi kukubaliana.

Asubuhi moja, kabla hata hatujagawana, nilikuwa naanika nguo. Mkasi akatoka na kusimama ng'ambo ya shuka, simwoni uso.

"Wifi, wewe maporomoko unayajua?"

"Nayajua kwa kusikia."

"Na mimi kwa kusikia. Mtu ameyaona maisha yake yote, ametuachia maneno matupu." Akaunyoosha upindo wa shuka. "Mimi nakwenda."

"Na nani?"

"Nimuulize nani mwingine? Wengine hawakumsikia akisimulia."

Ndivyo alivyonialika. Tukapangisha vyumba vya mbele, tukachukua begi mojamoja, tukaondoka kwa mabasi na treni, wanawake wawili wazee waliokuwa wakisalimiana kwa kukohoa. Mlituona vichaa. Mwanangu, wewe ulisema tutarudi kabla ya wiki kwisha, mmoja akiwa amemnyonga mwenzake.

Mpaka wa kwanza, afisa uhamiaji, kijana mwenye macho mekundu ya uchovu, alituuliza tuna uhusiano gani. Nikasema ni wifi yangu. Hakulijua neno hilo. Nikajaribu kueleza, dada wa mume, mume aliyefariki, akazidi kukunja uso na foleni nyuma yetu ikaanza kulalamika. Mkasi akanisukuma kando akasema, "Dada yangu huyu." Muhuri ukagonga. Tulipoketi tena kwenye basi akaniambia, "Usivimbe kichwa. Nilitaka tupite tu." Lakini mpaka uliofuata aliulizwa tena akasema vilevile, na uliofuata, na baadaye hakuna aliyemuuliza naye alikuwa akisema.

Wanangu, bara hili ni kubwa. Mnaliona kwenye ramani ya ukutani mnadhani mmelijua. Tulipita nchi ambako mtu humsalimu mwenzake mpaka amalize kuulizia ng'ombe na visima, sisi tukisimama juani na mabegi kichwani. Tulipita nyingine ambako kijana hamtazami mzee machoni, na Mkasi alitukana vijana wawili watatu akidhani wanamdharau, mpaka mama mmoja muuza matunda akamweleza kwa ishara kwamba ile ndiyo heshima yenyewe. Siku hiyo nilimwona Mkasi akiomba radhi. Nilidhani nimepata homa. Lugha zilitubadilikia kila baada ya siku chache, lakini kila mahali alikagua mishono ya nguo za watu bila kuomba ruhusa, na kila mahali alipata fundi mwenzake, wakakaa saa nzima wakishikana vitambaa, huyu anasema lake, yule lake, wakielewana kabisa.

Maporomoko tuliyafikia asubuhi. Moshi ulikuwepo kama alivyosema. Tulilowa mpaka nguo za ndani, na nilipogeuka kumwangalia wifi yangu, sikuweza kutofautisha maji ya mto na mengine. Akaniambia, bila kunitazama, "Nilikuchukia kwa sababu kabla yako alikuwa ananisimulia mimi peke yangu." Nilimshika mkono, naye akauacha palepale.

Kuta za mawe tulizipapasa kwa viganja. Jangwani tulilala kwenye paa la nyumba ya wageni kwa sababu ya joto, na mji wa udongo tulioukuta mbele yake ulikuwa na rangi ya mkate uliotoka tanurini. Huko ndiko alikoanza kuvimba miguu.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi, yanatosha.

Binti wa wifi yangu, sasa nasema na wewe, na uniangalie. Tulikwenda zahanati ya mji ule. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, akamsikiliza kifua muda mrefu, kisha akatuita wote wawili. Alisema ni moyo, umechoka sana, na kwamba akipanda ndege arudi nyumbani alale, huenda akapata miezi. Akiendelea na safari, hakumpa hata hiyo. Mkasi alimshukuru, akamwambia pindo la koti lake limefumuka, akaliomba akalishona palepale.

Nje nilimwambia tunarudi. Nilimwambia kwa ukali, nikamshika bega. Unakumbuka nilikupigia simu, nawe ukapiga kelele, "Mlete mama nyumbani! Mlete leo!" Nami nikakuambia ndiyo. Ndipo aliponinyang'anya simu. Wewe ulichokisikia ni sauti yake akicheka, akikwambia ni uchovu wa njia, kwamba mimi, mke wa mjomba wako, nina hofu za kizee, na kwamba yeye ameshapewa dawa. Ulimsikia vizuri, hukukosea. Usichokijua ni kwamba alipokata simu alikaa chini kwenye ngazi za zahanati, akanivuta nikae naye.

"Nikirudi," aliniambia, "nitalala kwenye kile chumba, binti yangu aache kazi, aninyweshe uji, anitazame ninavyoisha. Nimelea watu maisha yangu yote, wifi. Nimeshona nguo za safari za watu wengine. Pamebaki mahali pamoja tu. Nipeleke."

"Na mtoto?"

"Mtoto asijue kwamba nilijua. Atasema nimechagua bahari nikamwacha yeye. Mwambie ilitokea ghafla. Akitaka mtu wa kumlaumu, atakulaumu wewe, wewe nimeshakuzoeza."

Alisema hivyo, na akacheka, nami nikacheka, Mungu anisamehe, tukacheka pale kwenye ngazi mpaka wagonjwa wakatugeukia.

Nikaahidi. Na ulinilaumu. Hukuja harusi ya binti yangu. Uliwaambia watu nilimburuta mama yako mgonjwa kama mzigo ili nione mandhari, na kwamba nilimwacha kati ya watu asiowajua. Sikukujibu, na nisingekujibu mpaka kaburini, kama si kamba ya yule fundi uani. Mimi niliahidi kuubeba uchungu wako. Sikuahidi kwamba wanao na wajukuu zangu wataurithi. Mkasi akinikasirikia huko niendako, tutagombana, tuna uzoefu.

Tulifika. Hakuna kitu pale, wanangu. Miamba, nyasi fupi, upepo unaosukuma mtu, na maji mpaka macho yanapochoka. Watu wengine walikuwa wakipigana picha. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki tulichoazimwa na mwenye kibanda cha soda, mimi na yule mwenye kibanda tukamshika huku na huku. Alitazama muda mrefu. Nilingoja aseme neno kubwa, lakini alisema tu, "Kumbe hakuwa mwongo." Baadaye kidogo akasema, "Binti yangu angepapenda hapa." Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza. Bahari alikuwa nayo mbele ya macho, na aliyekuwa akimuwaza ni wewe.

Alifariki mchana, siku chache baadaye, kwenye nyumba ya wageni, kitanda cha dirishani, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Nilikuwa namsimulia maporomoko, kwa maneno ya mdogo wake.

Unasema aliachwa kwa wageni. Sikiliza wageni hao walifanya nini. Mwenye nyumba alifunga biashara, akawarudisha wateja mlangoni. Wanawake wa mtaa ule, ambao sikuwa na neno moja la kuwaambia, walikuja na maji ya moto, wakamwosha kwa upole ambao sisi ndugu zake hatukuwahi kumwonyesha akiwa hai. Fundi cherehani wa pale, aliyekuwa amekaa naye siku mbili tu, aliishona sanda kwa mkono, akazificha nyuzi kama Mkasi mwenyewe alivyopenda. Wanaume walimbeba wakipokezana kupanda kilima, na nilipoanguka magoti kuna bibi mmoja aliyenikumbatia akalia na mimi, akimwita marehemu kwa neno la lugha yao. Niliuliza baadaye maana yake. Ni dada.

Ngojeni. Ngojeni nivute pumzi.

Yaliyobaki ni maagizo. Ukuta usijengwe. Mlipeni yule fundi usumbufu wake aende zake. Vyumba vya nyuma ni vya binti wa wifi yangu, na cherehani ni yake, na mlango wa kati ubaki wazi, asiufunge mtu, awe nani. Vyumba vya mbele mgawane nyinyi wanangu watatu, na mwenye shida zaidi alale humo kwanza. Mimi nizikeni hapa hapa, kando ya baba yenu. Msinipeleke mbali, mimi mbali nilishafika.

Nikishazikwa, na mvua zikiwa zimekatika, wewe mwanangu mkubwa na wewe binti wa shangazi yake mwende mkamzuru Mkasi. Wawili tu. Na msipande ndege. Mwende kwa barabara, mkae kiti kimoja, mkosane juu ya dirisha, mlishane, muugue matumbo, mpotee njia. Mkiulizwa mipakani nyinyi ni nani kwa nani, mtatafuta jibu wenyewe. Sitawafundisha. Kaburi liko kule nchi kavu inakokwisha, juu ya kilima, nyuma ya nyumba ya wageni yenye ukuta wa buluu; mkimtaja fundi mgeni, maana ndivyo walivyomwita, mtapelekwa.

Usilie, mwanangu. Au lia... lia tu. Hata Mkasi alilia.

Mungu awape miguu. Awakutanishe na watu wa kuwafungulia mlango. Kila mtakapolala ugenini... pawe kwenu. Awaweke pamoja, wakubwa na wadogo, na hawa ambao... ambao hawajazaliwa. Nimewaridhia wote. Wote, mmesikia? Hakuna niliyebaki na kinyongo naye.

Chakula kimepoa huko jikoni. Nendeni mkale... sahani moja. Mimi nitafumba macho kidogo.